Kidonda, kovu na saratani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kiunzi cha tishu

Ukurasa huu ni wa wagonjwa, wanaouguza, wanafunzi wa afya na yeyote aliyewahi kujiuliza kwa nini kidonda kisichopona humtia daktari wasiwasi. Tumezoea kuisimulia saratani kama habari ya seli iliyoasi. Ni kweli imeasi, lakini haifiki mbali bila msaada wa mahali inapoishi, na mahali hapo ndipo panaposhughulika vilevile tunapoumia. Ukilijua hilo, utayatazama kwa jicho jingine mambo tuliyoyazoea: kovu la moto, ini lililokakamaa, mkojo wenye damu wa mtoto anayeoga mtoni.

Matriksi ya nje ya seli ni kitu gani?

Ichukue nyumba ya udongo ya kijijini. Kuna nguzo, kuna fito zilizofungwa kamba, kisha udongo umekandikwa katikati, na ndani wanaishi watu. Mwili wetu umejengwa hivyohivyo. Seli ndio wakazi. Fito, kamba na udongo unaowazunguka ndivyo wanasayansi wanavyoviita matriksi ya nje ya seli. Mimi nitatumia neno fupi: kiunzi.

Fito ni kolajeni. Hakuna protini iliyo nyingi kuliko hiyo mwilini. Ni kama theluthi moja ya protini yetu yote. Aina 28 zimetambuliwa. Ya kwanza iko kwenye mfupa, ngozi na kano. Ya pili iko kwenye gegedu. Ya tatu hutangulia pale panapojengwa upya. Ya nne hutandazwa kama jamvi jembamba sana chini ya tabaka la juu la ngozi na chini ya seli zinazofunika matumbo, mirija ya maziwa, kibofu na mapafu. Jamvi hilo huitwa utando wa msingi, na litarudi mara nyingi katika majibu yanayofuata.

Kolajeni haiko peke yake. Elastini hunyumbuka kama mpira, na bila hiyo mapafu yasingerudi baada ya kuvuta pumzi. Laminini hushona seli kwenye jamvi. Fibronektini ni gundi ya dharura, hukimbizwa palipoumia. Udongo wenyewe ni minyororo mirefu ya sukari inayofyonza maji, maarufu zaidi ikiwa hialuronani.

Kwa hiyo kazi yake ni kushikilia tu?

Wengi wetu tulifundishwa hivyo, lakini sivyo. Katika nyumba hii wakazi wameshika fito kwa mikono yao. Kila seli ina protini zinazopenya ukuta wake, ziitwazo integrini. Upande wa nje hushika kolajeni au fibronektini, upande wa ndani umefungwa kwenye nyuzi zinazoipa seli umbo. Kiunzi kikivutwa, seli inajua. Kikikaza, inajua. Kikikatika, inajua, na papo hapo hubadili jeni inazozitumia.

Mwaka 1984 Erkki Ruoslahti na Michael Pierschbacher walionyesha kwamba seli huitambua fibronektini kwa asidi amino tatu tu zilizofuatana, katika mnyororo wenye zaidi ya 2,000. Ruoslahti, pamoja na Richard Hynes na Timothy Springer, walipewa Tuzo ya Lasker mwaka 2022 kwa kazi yao juu ya integrini.

Kiunzi pia ni ghala. Humo hufungiwa ujumbe wa kemikali ukiwa umelala, na ulio mkubwa kati yake ni TGF-beta. Seli ikikivuta kiunzi kwa nguvu, TGF-beta hufunguliwa na kuziamrisha seli za jirani zijenge kolajeni. Shikilia jambo hili hadi tufike kwenye ini.

Nikijikata, nini hutokea?

Tuseme kisu kimekuteleza ukimenya muhogo. Mshipa umekatika na damu imegusa kolajeni ambayo kwa kawaida haiioni. Chembe sahani, vijiseli vya damu vinavyosaidia kuigandisha, huinata mara moja. Protini ya damu iitwayo fibrinojeni hugeuka nyuzi za fibrini, na fibronektini hujisuka humo. Donge hilo la damu si kizibo tu, ni kibanda cha muda ambacho mafundi watatambaa juu yake.

Baada ya saa chache seli nyeupe hufika kuua vijidudu. Zinafuatwa na makrofaji, walaji wa mabaki, wakiwa na vimeng'enya vinavyokata protini zilizoharibika. Kisha huja fibroblasti, mafundi wenyewe. Hutambaa juu ya fibrini na kumwaga kolajeni ya aina ya tatu, huku mishipa midogo ikichipua. Ile nyama mpya, nyekundu, laini, inayotoka damu ukiigusa kwa pamba, ndiyo hiyo. Baadhi ya fibroblasti hugeuka kuwa na nguvu kama ya misuli na kuvuta kingo za kidonda zikutane. Kwa wiki na miezi inayofuata, kolajeni ya tatu huondolewa na ya kwanza hujaza nafasi, nyuzi zikifungwa pamoja na kimeng'enya kinachohitaji madini ya shaba.

Halafu kazi husimama. Mafundi hufa au hutulia, mishipa ya ziada hunyauka, kovu hupauka. Mimi hustaajabia zaidi hatua hii ya mwisho. Karibu kila ugonjwa tutakaoutaja hapa chini ni habari ya mafundi walioshindwa kuacha.

Kwa nini kovu haliwi kama ngozi ya zamani?

Kwa sababu lilijengwa haraka. Ngozi ya asili imesukwa kama mkeka, nyuzi zikipishana kila upande. Kwenye kovu nyuzi hulala upande mmoja. Hata baada ya mwaka, kovu zuri hufikia takriban asilimia 80 ya uimara wa ngozi ya awali, na halizidi hapo.

Vitamini C inahusikaje?

Inahusika moja kwa moja. Kolajeni ni nyuzi tatu zilizosokotwa kama kamba, na vimeng'enya vinavyoimarisha msokoto huo haviwezi kufanya kazi bila vitamini C. Ikikosekana kwa miezi kadhaa, huja kiseyeye: fizi huvuja damu, meno hulegea, na makovu ya zamani yanaweza kufumuka. Makovu ya zamani! Hii inatuambia kwamba hata kovu la miaka mingi bado linakarabatiwa kila siku kimyakimya. Mwaka 1747 daktari wa meli James Lind aliwagawa mabaharia 12 wagonjwa katika jozi na kuwapa tiba tofauti. Waliopewa machungwa na malimau ndio walionyanyuka mapema. Mapera na ubuyu vina vitamini hiyo ya kutosha, kwa hiyo anayeuguza kidonda asiione tunda kuwa anasa.

Nina keloidi sikioni tangu nilipotoboa. Ni saratani?

Hapana. Keloidi ni kovu lililovuka mipaka ya jeraha lake. Kolajeni inaendelea kumwagwa wakati kidonda kilishafunga. Hutokea zaidi kwa watu wenye ngozi nyeusi kama sisi, hasa masikioni, kifuani, mabegani na kwenye taya. Haiingii kwenye damu wala haihamii ini au mapafu.

Ila usikimbilie kuikata tu. Kuikata bila tiba nyingine ni kumfungulia fundi yuleyule jeraha jipya, na mara nyingi hurudi, wakati mwingine ikiwa kubwa kuliko mwanzo. Madaktari huchanganya tiba: sindano za steroidi ndani ya kovu, kubana kwa shinikizo, karatasi za silikoni, na mionzi kidogo baada ya kukata. Kama ulishawahi kupata keloidi, mwambie daktari kabla ya upasuaji wowote.

Fibroidi za kizazi zina undugu na jambo hili. Sehemu kubwa ya uvimbe ule ni kiunzi kilichorundikana, ndiyo maana huwa mgumu. Nazo kwa kawaida si saratani.

Nimesikia saratani ikiitwa kidonda kisichopona. Ni mafumbo tu?

Si mafumbo. Mwaka 1986 Harold Dvorak, mtaalamu wa patholojia wa Boston, aliandika makala akiuita uvimbe wa saratani kidonda kisichopona, na alimaanisha alichosema. Yeye na wenzake walikuwa wamegundua kwamba uvimbe hutoa protini inayoifanya mishipa ya damu ivuje. Fibrinojeni hutoka kwenye mishipa na kugandia kwenye tishu kama fibrini. Fibroblasti huona fibrini na kudhani pameumia. Huja, humwaga kolajeni, huita mishipa mipya. Ni hatua zilezile za kidole chako kilichokatwa na kisu, isipokuwa ya mwisho, ya kuacha.

Ushahidi mwingine uko hospitalini. Protini ile ya Dvorak sasa inajulikana kwa ufupisho wa VEGF, na dawa ya bevacizumab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004, huizuia. Mgonjwa anayeitumia vidonda vyake huchelewa kupona, kiasi kwamba madaktari huisimamisha angalau siku 28 kabla ya upasuaji uliopangwa na hawairudishi hadi siku 28 baada ya upasuaji mkubwa. Kinachounyima chakula uvimbe hukinyima na kidonda.

Je, jeraha linaweza kuanzisha saratani?

Jibu la swali hili lilianzia kwa kuku. Mwaka 1911 Peyton Rous wa New York alionyesha kwamba aina moja ya saratani ya kuku huambukizwa na kirusi. Ilimchukua dunia miaka 55 kumpa Tuzo ya Nobel. Kwa muda mrefu watu waliona habari imeisha: kirusi kinaingia, kinaleta jeni mbaya, seli inaasi.

Mina Bissell, mwanasayansi mzaliwa wa Iran anayefanya kazi Berkeley, hakuridhika. Miaka ya 1980 yeye na wenzake walikidunga kirusi hichohicho ndani ya kiinitete cha kuku kilicho bado ndani ya yai. Kirusi kiliingia kwenye seli, jeni mbaya ikafanya kazi, lakini uvimbe haukutokea. Walipokidunga kwenye bawa la kifaranga aliyekwisha kuanguliwa, uvimbe uliota palepale sindano ilipopita. Mwili wote ulikuwa na kirusi, lakini bawa la pili lilikuwa salama. Wakalijeruhi hilo bawa la pili, nalo likaota uvimbe. Mwaka 1990 walionyesha kwamba hata bila jeraha, kuweka TGF-beta kulitosha.

Mwaka 1997 maabara yake ilienda mbele zaidi. Walichukua seli za saratani ya matiti, wakazilea ndani ya ute wenye laminini nyingi, wakaziba integrini moja iliyokuwa imekithiri. Seli zilizokuwa zikirundikana ovyo zikajipanga tena duara, kama tezi ya titi yenye afya. Jeni zao zilikuwa mbovu vilevile kama jana yake. Mimi nimeusoma utafiti huo mara nyingi na bado unanigusa. Unamaanisha kwamba jirani mwema anaweza kumtuliza muasi.

Basi mtu akigongwa titi anaweza kupata saratani?

Hapana, pigo moja halileti saratani ya titi. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba pigo humfanya mtu ajipapase, na ndipo anapokuta uvimbe uliokuwapo tangu zamani. Pigo pia linaweza kuua mafuta ya titi na kuacha donge gumu lisilo na madhara. Kwa mkono huwezi kuyatofautisha. Nenda upimwe. Kinachoogopesha ni jeraha linalojirudia mahali palepale kwa miaka, au kidonda kisichofunga.

Bibi yangu ana kidonda mguuni juu ya kovu la moto la utotoni. Kinafunga, kinafumuka. Tufanye nini?

Poleni, na ahsante kwa kuuliza mapema. Mpelekeni achukuliwe kinyama kutoka kwenye ukingo wa kidonda hicho kikapimwe.

Saratani inayoota kwenye kovu au kidonda cha muda mrefu huitwa kidonda cha Marjolin, kwa jina la daktari Mfaransa Jean-Nicolas Marjolin aliyeelezea vidonda vya aina hiyo mwaka 1828. Inakadiriwa kuwapata mtu 1 hadi 2 kati ya 100 wenye makovu ya moto yasiyotulia. Kwa wastani hupita kama miaka 30 kutoka siku ya kuungua, ndiyo maana watu hawaunganishi mambo hayo mawili: aliungua akiwa mtoto jikoni, saratani inamkuta ana wajukuu. Ikishaanza, huwa kali kuliko saratani ya kawaida ya ngozi na huwahi kufika kwenye tezi za kinena au kwapa. Huku kwetu moto wa kuni, mafuta ya taa na maji ya chai huwaunguza watoto wengi, na wengi wao hawapati upandikizaji wa ngozi. Kovu hubaki jembamba, linakaza kwenye goti au kisigino, linapasuka kila wakati.

Dalili za kutazama: ukingo ulioinuka na kuwa mgumu kama mdomo wa chungu, nyama inayochomoza kama koliflawa, harufu iliyobadilika, damu inayotoka kirahisi, maumivu mapya. Hata bila dalili hizo, kidonda ambacho kimetunzwa vizuri kwa miezi 3 na hakionyeshi kufunga kinastahili kupimwa. Msimlaumu bibi kwa kuchelewa. Na msikubali aongezewe miezi mingine 6 ya kupakwa dawa za kienyeji au antibiotiki za dukani bila kipimo.

Tuna mfano mmoja mchungu unaothibitisha uhusiano huu. Kuna watoto wanaozaliwa bila kolajeni ya aina ya saba, ile inayoipigilia ngozi kwenye tabaka la chini. Ngozi yao huchubuka kwa mguso tu, na maisha yao yote ni vidonda juu ya vidonda. Kwa wenye aina kali ya ugonjwa huo, takwimu za Marekani zinaonyesha takriban theluthi mbili hupata saratani ya ngozi kabla ya miaka 35. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha jeli ya kupaka inayobeba jeni ya kolajeni hiyo, na vidonda vilivyogoma vimeanza kufunga.

Ini, kichocho na kibofu vinaingiaje hapa?

Kiungo cha ndani nacho huweza kuwa na kidonda kisichopona, usikione. Kwenye ini kuna seli zinazohifadhi vitamini A kwa utulivu. Homa ya ini B au C, pombe nyingi au mafuta yaliyozidi yakiliumiza ini kila siku, seli hizo huacha kuhifadhi vitamini na kugeuka mafundi wa kolajeni. Kovu juu ya kovu, ini hukaza, na kukaza huko huifungua TGF-beta zaidi, ile iliyokuwa imelala ghalani, nayo huamrisha kolajeni zaidi. Hiyo ndiyo sirosisi. Kati ya saratani zinazoanzia kwenye ini, asilimia 80 hadi 90 huota kwenye ini lenye makovu ya namna hiyo, ingawa homa ya ini B inaweza kuleta saratani hata kabla ya sirosisi.

Habari njema ni kwamba kovu la ini si jiwe. Katika utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2013, wagonjwa 96 wa homa ya ini B waliokuwa na sirosisi walitumia tenofovir kwa miaka 5. Kinyama kilipochukuliwa tena, 71 kati yao hawakuwa na sirosisi tena. Jeraha likikoma, walaji wa mabaki hurudi kufyeka kolajeni. Kwa hiyo pima homa ya ini B, na watoto wapate chanjo.

Kichocho nacho ni kovu la mayai. Minyoo ya Ziwa Victoria hutaga kwenye mishipa ya matumbo, mayai hukwama kwenye ini, na kila yai huzungushiwa ukuta wa kolajeni. Minyoo ya pwani, Unguja na Pemba ikiwemo, hutaga karibu na kibofu, na hiyo ndiyo inayotoa mkojo wenye damu. Tangu mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka minyoo hii ya kibofu katika kundi la visababishi vilivyothibitishwa vya saratani kwa binadamu. Kuna maeneo ambako mvulana kukojoa damu huonekana ni kubalehe. Si kubalehe. Ni kidonda, na dawa yake, prazikwanteli, ipo.

Kwa nini uvimbe wa saratani mara nyingi huwa mgumu?

Kwa sababu unachokigusa kwa kiasi kikubwa si seli, ni kolajeni iliyorundikwa na kufungwa kuzizunguka. Mwaka 2005 maabara ya Valerie Weaver ilipima na kukuta uvimbe wa titi la panya una ugumu unaozidi tishu ya kawaida kwa zaidi ya mara 20. Wakaonyesha pia kwamba ugumu wenyewe huzisukuma seli kuzaliana ovyo, kupitia integrini zilezile. Huenda hiyo ni sehemu ya sababu wanawake ambao zaidi ya robo tatu ya titi lao huonekana zito kwenye mamogramu, yaani picha ya eksirei ya titi, kwa wingi wa kiunzi na tezi, wana hatari kubwa kwa mara 4 hadi 6 kuliko wale ambao karibu lote ni mafuta. Hata hivyo, vivimbe vingi vya matiti si saratani. Ugumu ni sababu ya kwenda kupimwa, basi.

Seli za saratani hutokaje mahali zilipoanzia?

Kwanza zitoboe jamvi. Saratani ambayo bado iko juu ya utando wa msingi huondolewa na mara nyingi mtu hupona kabisa. Iliyokwisha kuupenya ni habari nyingine. Mtaalamu wa patholojia anapokazia macho kioo cha hadubini, mpaka huo ni moja ya vitu anavyovitafuta kwanza. Seli hupita kwa vimeng'enya vinavyokata kolajeni, vya jamii ileile iliyogunduliwa mwaka 1962 na Jerome Gross na Charles Lapière walipochunguza jinsi kiluwiluwi wa chura anavyopoteza mkia wake. Mara nyingi seli ya saratani haivitengenezi yenyewe, huwatumia fibroblasti wa jirani.

Pili, zipate pa kuota. Mwaka 1889 daktari wa London Stephen Paget alipitia taarifa za wanawake 735 waliokufa kwa saratani ya matiti, akaona haikusambaa kibahati. Akaifananisha na mbegu zinazopeperushwa kila upande lakini huota tu penye udongo unaozifaa. Mkulima yeyote wa kwetu angemwelewa.

Nilipona saratani miaka kadhaa iliyopita. Sigara bado ina neno?

Ina neno kubwa. Baadhi ya seli za saratani hulala mapafuni bila kuzaliana. Mwaka 2018 watafiti walionyesha kwa panya kwamba moshi wa tumbaku huzichokoza seli nyeupe zitoe nyavu za vinasaba zenye vimeng'enya. Vimeng'enya hivyo viliikata laminini iliyo jirani na zile seli, na laminini iliyokatwa ikawa ishara ya kuziamsha, zikaanza kuota. Acha leo, na moshi wa mwenzio pia ukae mbali.

Watu husema kisu kikigusa saratani inasambaa. Nikatae kuchukuliwa kinyama?

Usikatae. Ninaielewa hofu hii, maana wengi tumezika mtu aliyefanyiwa upasuaji na kufariki muda mfupi baadaye. Mara nyingi alifika akiwa amechelewa, na kisu ndicho kilichobeba lawama.

Lakini sitakudanganya kwamba hofu hiyo haina hata chembe ya msingi. Kwa panya, mwaka 2018, jeraha la upasuaji liliwahi kuamsha seli zilizolala mbali na jeraha hilo, na dawa ya kutuliza maumivu iitwayo meloksikamu ikazuia hali hiyo kwa kiasi kikubwa. Kwa saratani ya ini, sindano ya kuchukua kinyama huacha seli njiani kwa takriban wagonjwa 3 kati ya 100, ndiyo maana mwenye sirosisi mara nyingi hugunduliwa kwa picha tu. Madaktari wanayajua haya na hupanga kazi yao kwa kuyazingatia. Kwa saratani ya titi, ngozi, shingo ya kizazi au utumbo, upasuaji wa mapema ndio ulioponya watu wengi kuliko kitu kingine chochote. Hatari ya kinyama ni ndogo, na hatari ya kukaa nyumbani na uvimbe usiojulikana ni kubwa mno.

Kwa nini hakuna dawa ya kukibomoa tu hicho kiunzi?

Zimejaribiwa njia zote mbili, kukilinda kiunzi kisikatwe na kukibomoa, na tulipata funzo. Miaka ya 1990 dawa kama marimastat zilitengenezwa kuzuia vimeng'enya vinavyokata kolajeni. Wagonjwa waliumwa viungo vibaya na maisha yao hayakurefuka. Sasa tunajua kwamba baadhi ya vimeng'enya hivyo huulinda mwili, na dawa zilivizuia vyote pamoja. Kwenye saratani ya kongosho, ambayo imezingirwa na kiunzi kizito kuliko karibu zote, mwaka 2014 watafiti waliwaondoa fibroblasti kwa panya wakitarajia ahueni. Saratani ikawa kali zaidi, kumbe kiunzi kilekile kilikuwa pia kimeizuia. Mwaka 2019 jaribio kubwa la kimeng'enya cha kuyeyusha hialuronani kwenye kongosho nalo halikurefusha maisha ya wagonjwa. Kwa maoni yangu njia yenye matumaini ni ya kuwatuliza mafundi, si kuwaua.

Supu ya makongoro na unga wa kolajeni hulisha saratani? Au huponya?

Havilishi wala haviponyi. Ile supu inayoganda asubuhi ni kolajeni iliyogeuka jelatini kwa kuchemka. Ukiinywa, tumbo huivunja kuwa asidi amino kama inavyofanya kwa maharage au samaki. Kwa mgonjwa aliyedhoofika ni chakula kizuri, mradi apate na protini nyingine, kwa kuwa jelatini peke yake ina upungufu. Unga wa kolajeni unaouzwa kwa bei kubwa mitandaoni hautaziba kidonda kilichogoma. Fedha hiyo bora iende kwenye mayai, matunda na nauli ya kliniki.

Kuna mnyama asiyepata saratani kwa sababu ya kiunzi chake?

Wapo wanaokaribia, na ni wa kwetu. Fuko wasio na manyoya huishi ardhini katika maeneo makavu ya Kenya, Ethiopia na Somalia. Wana ukubwa wa panya lakini huweza kuishi zaidi ya miaka 30, na saratani kwao ni nadra sana. Katika maabara ya Vera Gorbunova na Andrei Seluanov, chuo kikuu cha Rochester, watafiti waliona kwamba chombo chenye seli za fuko hawa kilikuwa na ute mzito unaonata. Mwaka 2013 wakaeleza ni nini: hialuronani, lakini yenye minyororo mirefu zaidi ya mara 5 kuliko ya binadamu. Walipoiondoa, seli za fuko ziliweza kugeuzwa za saratani, jambo ambalo hapo awali lilishindikana. Mwaka 2023 walimpa panya wa kawaida jeni ya fuko inayotengeneza ute huo, na panya hao wakapata saratani chache na kuishi muda mrefu kidogo kuliko wenzao. Huenda ute huo, asema Gorbunova na wenzake, ulikuja kwanza kwa ajili ya kuifanya ngozi iteleze na kunyumbuka ndani ya mashimo membamba.